Barua kutoka Houston: wavuvi wa Jumamosi nao wana chama

Ndugu yangu Salum,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, joto la Houston tu ndilo linatuchosha. Ujumbe wako wa sauti niliupata, na pale uliposema mtu anayevua kwa starehe hana haja ya chama, nikaona heri nikuandikie. Jibu lake ni refu.

Huku kuna samaki anaitwa red snapper. Ukimwona utasema ni mtoto wa shangazi yake samaki kungu wa huko kwetu. Anakaa kwenye miamba na chini ya majukwaa ya mafuta ya Ghuba ya Mexico. Kwa miaka mingi alivuliwa kupita kiasi, na wachanga wake wakafia kwenye nyavu za kuburuta za wavuvi wa kamba. Sheria ya uvuvi ya 1976 ikaleta mabaraza ya kanda, na baraza la Ghuba likamgawa samaki huyo: asilimia 51 kwa wavuvi wa biashara, 49 kwa wanaovua kwa burudani. Tangu 2007 mvuvi wa biashara ana hisa yake ya samaki. Anaivua siku aitakayo, au anamkodishia mwenzake na yeye akakaa nyumbani. Mvuvi wa burudani hana hisa, ana msimu. Msimu huo kwenye maji ya serikali kuu ukawa unapungua, hata 2017 ukatangazwa wa siku tatu. Siku tatu, Salum! Bahari ikichafuka siku hizo, tukutane mwakani.

Basi watu wakawaka. Wabunge wakapigiwa simu, na Wizara ya Biashara, ambayo huku ndiyo yenye samaki wa baharini, ikaongeza siku 39. Watetezi wa mazingira wakaenda mahakamani kwa sababu nyongeza ile ilikuwa inavuka mgao. Mimi naona walikuwa na hoja, ingawa bandarini huwezi kulisema hilo kwa sauti.

Nguvu ile haikuzuka usiku mmoja. Mwaka 1977 hapa Texas kikundi kidogo cha wavuvi wa fimbo kilikutana kwa sababu redfish, samaki mwingine wa pwani, walikuwa wanamalizwa na nyavu. Miaka minne baadaye bunge la jimbo likapiga marufuku kuwauza samaki hao wanaovuliwa porini. Kikundi kile leo ndicho chama cha Coastal Conservation Association, chenye matawi pwani zote za Marekani. Kazi yao nyingi ni ya kuchosha tu: karamu ya tawi, mnada wa fimbo na rili, fedha zikalipe wanasheria, na mtu wa kukaa kwenye mikutano ya baraza kutwa nzima akisubiri dakika zake chache za kusema.

Lakini usidhani kila ushindi wao naufurahia. Mwaka 1994 Florida walipeleka suala la nyavu za kunasia kwenye kura, likaingizwa katika katiba ya jimbo. Asilimia 72 walikubali zipigwe marufuku. Familia zilizoishi kwa nyavu hizo zikabaki na maboti yasiyo na kazi. Wewe mtoto wa mvuvi wa nyavu za jarife, sina haja ya kukueleza.

Penye uzito ni hesabu. Samaki wa mvuvi wa biashara hupimwa akishuka, kila kilo ina karatasi. Sisi wa burudani tulikuwa tunakadiriwa kwa dodoso za posta na maswali ya bandarini. Unadai fungu lako, na hakuna ajuaye umekwishachukua samaki wangapi! Alabama ilipoanza 2014 kuwalazimisha wavuvi kuripoti red snapper, wengi walinung'unika. Takwimu za namna hiyo ndizo zilizoyapa majimbo matano ya Ghuba sauti ya kuomba yapange msimu yenyewe, kwanza kwa majaribio 2018, kisha moja kwa moja 2020. Wanasayansi nao walihesabu upya, wakaja na makadirio ya kwanza ya samaki kama milioni 110, karibu mara tatu ya yale ya zamani. Hapa Texas kuripoti bado ni hiari ya mtu, na hilo linaniudhi.

Kitu kimoja ungekipenda. Samaki huyu ukimvuta kutoka kina kirefu, hewa inamvimba, tumbo linamtokea mdomoni na macho yanamtoka. Ukimrudisha hivyo anaelea ubavu, pomboo anamnyakua. Sasa kuna chombo kama kibanio: unamshika taya, unaning'iniza risasi nzito ya kuzamishia, unamshusha. Akifika chini kibanio kinafunguka, mshipi unakuwa mwepesi mkononi. Januari 2022 ilianza sheria ya kutaka boti iwe nacho, au iwe na sindano ya kumtoa hewa, na vyama vya wavuvi wenyewe ndivyo vilivyoisukuma.

Nina swali kuhusu BMU yenu, kikundi chenu cha kusimamia uvuvi ufukweni. Zile boti zinazowapeleka wageni kuvua nduaro na nguru, samaki wao wanaandikwa kwenye daftari lenu, au wanapita tu? Kama wanapita, lipeleke kwenye kikao kabla msimu wa kaskazi haujaanza, wakati wenye boti bado wako tayari kuzungumza.

Nisalimie shemeji na wazee wote.

Nduguyo,
Athumani