Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Uingereza: Hesabuni Muda wa Abiria

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa abiria wa kila siku wa treni za kaskazini mwa Uingereza, Mtanzania ninayefanya kazi ya kutunza wazee na ninayeitegemea treni kwenda kwenye zamu na kurudi nyumbani. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeituma ofisini kwako. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya wenzangu wengi, Watanzania, Wakenya, Wakongo na wengineo, ambao husimama nami alfajiri kwenye majukwaa ya stesheni na ambao malalamiko yao huishia hapo hapo jukwaani. Sitaitaja kampuni ninayosafiri nayo, kwa kuwa ninalolilalamikia ni pana kuliko kampuni moja. Serikali yako inazirudisha kampuni za treni mikononi mwa umma, nami naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Lakini mkiendelea kuupima uchelewaji kwa vipimo vile vile vilivyowekwa enzi ya mikataba ya watu binafsi, mmiliki atabadilika na abiria ataendelea kukosa zamu yake.

Kwa wasomaji walioingia nchi hii miaka ya karibuni, yafaa nieleze tulikotoka. Sheria ya Reli ya 1993 ililivunja shirika la umma la British Rail: njia na stesheni zikapewa Railtrack, mabehewa yakaenda kwa kampuni tatu za kukodisha, na uendeshaji wa treni za abiria ukagawanywa katika mikataba 25 iliyotolewa kwa zabuni. Treni za kwanza chini ya mikataba hiyo zilianza safari Februari 1996. Railtrack haikudumu. Tarehe 17 Oktoba 2000, pale Hatfield, reli iliyokuwa na nyufa ilivunjika chini ya treni na watu wanne wakapoteza maisha; mwaka mmoja baadaye kampuni hiyo ikawekwa chini ya wasimamizi kwa kushindwa kulipa madeni, na mwaka 2002 njia zikakabidhiwa Network Rail. Hata hivyo mgawanyo wenyewe ulibaki, kwamba njia ni ya mmoja, behewa ni la mwingine na dereva ni wa mwingine tena, na treni inapochelewa swali la kwanza kuulizwa ni nani atamlipa nani.

Swali hilo limejengewa kazi nzima, Mheshimiwa. Kila uchelewaji unaofikia dakika tatu hutafutiwa mhusika, na wapo watu walioajiriwa, upande wa njia na upande wa treni, ili kubishana kuhusu dakika hizo. Kwa miaka mingi, ilipoonekana kwamba kosa ni la Network Rail, fedha zilikwenda kwa kampuni ya treni kufidia mapato inayotarajiwa kupoteza. Kosa lilipokuwa la kampuni, fedha zilikwenda upande wa pili. Malipo hayo yalifuata mkataba, na hakuna aliyelazimika kujaza fomu akiwa amechoka baada ya saa kumi na mbili za kazi. Abiria, ambaye ndiye aliyechelewa, yeye hupewa siku 28 za kudai. Chini ya mpango wa Delay Repay, kampuni nyingi humrudishia robo ya nauli ya safari akichelewa dakika 15, nusu akichelewa dakika 30, na nauli yote akichelewa saa moja. Aliyelipa pauni 6 akachelewa dakika 20 anadai pauni moja na nusu, tena kwa kuonyesha tiketi na kueleza treni ipi ilimchelewesha. Wengi hawadai. Wenzangu wengine hawajui hata kwamba wana haki hiyo, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwa lugha wanayoielewa vizuri.

Lakini fidia ni jambo dogo mbele ya hesabu yenyewe. Kwa miaka mingi treni ya mkoani ilihesabiwa kuwa imefika kwa wakati endapo ilifika kituo chake cha mwisho bila kuzidisha dakika tano, na ya masafa marefu dakika kumi. Siku hizi vipo vipimo vikali zaidi, vinavyoangalia kila kituo na kuruhusu chini ya dakika moja tu, na hilo ni jema. Ila kinachohesabiwa bado ni treni. Treni ya saa nne asubuhi yenye abiria wachache, wengi wao wakienda matembezini, ina uzito ule ule katika takwimu na treni ya saa kumi na mbili alfajiri ambayo watu wamesimama mpaka milangoni. Tena anayebadilisha treni njiani, au anayetoka kwenye treni akapande basi, hapimwi kabisa. Treni ikichelewa dakika sita, katika takwimu huo ni uchelewaji mdogo. Kama basi la kuunganisha liliondoka dakika ya nne na lingine linakuja baada ya saa nzima, abiria huyo amepoteza saa, na saa hiyo haimo katika kitabu chochote cha serikali.

Naomba uniruhusu nikae kidogo kwenye saa hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Katika nyumba za wazee, mhudumu wa usiku haruhusiwi kuondoka mpaka wa asubuhi afike. Nikichelewa mimi, anachelewa yeye. Naye huenda ana mtoto wa kumpeleka shule, au ana treni yake ya kuwahi ambayo nayo haina hakika. Makabidhiano ya zamu, ambayo ndiyo wakati wa kuambiana nani hakula, nani alianguka usiku, nani dawa yake imebadilishwa na daktari, hufanywa kwa haraka mlangoni. Kwa wanaozunguka nyumba kwa nyumba hali ni ngumu zaidi: wengi wao hulipwa kwa kila nyumba wanayohudumia, na wengine wana mikataba isiyowahakikishia hata saa moja ya kazi. Mzee wa kwanza akikosa kuamshwa kwa wakati, wa pili na wa tatu wanasubiri pia. Mwenye wakala wa ajira haulizi habari za nyaya za umeme wala upungufu wa madereva. Anachokiona ni kwamba fulani hakufika kwa wakati, na wiki inayofuata fulani huyo anapangiwa zamu chache. Nchi hii ilitia saini makubaliano na Kenya mwaka 2021 ili wauguzi waje kufanya kazi hapa. Hospitali na nyumba za wazee zinazotuhitaji huanza zamu kabla jua halijachomoza, na wengi wetu hatuna gari wala leseni ya huku. Kwetu sisi treni ya alfajiri ni sehemu ya kazi yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililotuumiza kuliko yote. Kwa utaratibu uliotumika miaka mingi, kampuni iliyofuta safari kabla ya saa nne usiku wa kuamkia siku ya safari iliruhusiwa kuitoa safari hiyo kwenye ratiba ya kesho yake, na treni isiyokuwamo kwenye ratiba haikuhesabiwa kuwa imefutwa. Mtu aliyelala saa tatu usiku ili aamke saa tisa na nusu alifika stesheni akakuta ubao hauonyeshi hata jina la treni yake, kana kwamba haikuwahi kuwapo. Mwanzoni mwa 2023 msimamizi wa reli, yaani taasisi ya umma inayozidhibiti kampuni za reli, alizitaka kampuni ziwe wazi kuhusu safari hizo, kwa kuwa takwimu zilizotangazwa hazikuonyesha ukubwa halisi wa tatizo. Nashukuru kwamba mwaka 2025 wizara yako iliweka katika stesheni zaidi ya 1,700 takwimu za treni zinazofika kwa wakati na zinazofutwa, zikiwamo hizo zilizofutwa usiku. Ni hatua ya kweli. Ila ubao unaoniambia ni asilimia ngapi ya treni zilifutwa katika stesheni yangu haunielezi kama zilikuwa za alfajiri au za mchana, na hilo ndilo ambalo abiria angependa kulijua kabla ya kukubali kazi mahali fulani.

Nimesema kwamba kubadilisha mmiliki pekee hakutoshi, na nina sababu mbili. Ya kwanza naitoa nyumbani. Mwaka 2007 Tanzania iliikodisha reli ya kati kwa ubia ambao kampuni ya RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na serikali asilimia 49, mkataba wa miaka 25. Ubia ule ulivunjika baada ya miaka michache tu, ukiacha migomo ya wafanyakazi waliodai mishahara na treni za abiria zilizopungua. Wananchi tulifurahi reli iliporudi serikalini. Lakini mafuriko yaliyokuwa yamekata njia kati ya Kilosa na Gulwe hayakujali hisa ni za nani, na kichwa cha treni kilichochakaa hakikupata nguvu mpya kwa kubadilishiwa jina la mwenyewe. Ilihitajika fedha, mafundi na miaka.

Sababu ya pili iko hapa hapa kaskazini. Kampuni ya Northern imo mikononi mwa umma tangu Machi 1, 2020, miaka minne kabla ya sheria yenu ya Novemba 2024 ya kuzirudisha kampuni za treni kwa umma, na bado kwa miaka iliyofuata ilifuta treni nyingi za Jumapili, kwa sababu katika sehemu ya eneo lake Jumapili haikuwa siku ya kawaida ya kazi kwa makondakta na ilitegemea wanaokubali kufanya kazi ya ziada. Siwalaumu makondakta, nami hupenda Jumapili yangu. Mkataba huo wa kazi ulirithiwa, kama ulivyorithiwa upungufu wa madereva. Kumfundisha dereva mpya huchukua mwaka na zaidi, na kampuni yenye mkataba wa miaka saba haikuwa na haraka ya kulipia mafunzo ambayo jirani yake angeyafaidi kwa kumchukua dereva huyo kwa mshahara mkubwa zaidi. Ilikuwa rahisi zaidi kuwaomba waliopo wafanye kazi siku zao za mapumziko. Walipochoka kukubali, treni zikasimama.

Ratiba mpya ya Mei 20, 2018 iliyaweka wazi yote hayo kwa siku moja. Kazi ya kuweka umeme kwenye njia ya Manchester hadi Preston kupitia Bolton ilichelewa, ratiba ikapangwa upya haraka, madereva wakawa hawajafundishwa njia mpya, na kuanzia Juni 4 safari 165 kwa siku zikaondolewa kaskazini ili mambo yatulie. Uchunguzi wa msimamizi wa reli uliofuata ulionyesha kwamba hakukuwa na mtu aliyeshika hatamu: kila taasisi ilitimiza kipande chake na kudhani mwingine anaangalia picha nzima. Shirika jipya la Great British Railways linaanzishwa, nijuavyo, ili pawe na mtu wa kuulizwa. Ndiyo maana naandika sasa, wakati muswada uliofikishwa Bungeni Novemba 2025 na kanuni zake bado vinajadiliwa.

Ninaloomba kwanza ni kwamba shirika hilo lihesabu muda ambao abiria wamepoteza, kwa idadi yao na mpaka mwisho wa safari yao, pamoja na treni na mabasi waliyoyakosa njiani, na takwimu hizo zitangazwe kwa saa za siku ili treni za alfajiri na za usiku zionekane peke yake. Tiketi za simu na kadi zinatosha kuanzia. Nikiwa katika jambo hilo hilo, fidia ilipwe yenyewe kwa kila aliyenunua tiketi kwa njia ambayo shirika linamtambua, bila kusubiri adai. Kama fedha ziliweza kupita kati ya Network Rail na kampuni kwa kufuata kumbukumbu za treni, kumbukumbu hizo zinaweza kumfikia mnunuzi wa tiketi pia. Treni ya mwisho na ya kwanza ya siku zisifutwe bila basi au teksi kuandaliwa, na taarifa itumwe mapema iwezekanavyo, kwa sababu saa nne usiku watu wa zamu ya asubuhi wameshalala. Na chombo kipya cha kutetea abiria, kinachopendekezwa katika muswada huo, kipewe mamlaka ya kuzikagua hesabu hizi chenyewe, badala ya kuzipokea kutoka kwa wanaopimwa.

Najua fedha ni chache, na nimeona kwamba serikali imezuia nauli zilizo chini ya udhibiti wake zisipande mwaka 2026, jambo lililotokea kwa mara ya kwanza katika miaka 30. Wenzangu walilipokea kwa furaha. Lakini wengi wetu tungelipa nauli ile ile, hata na zaidi kidogo, kwa treni ambayo mwajiri anaweza kuipangia zamu.

Naomba wizara yako ijibu hadharani swali moja: je, kanuni za Great British Railways zitapima muda uliopotezwa na abiria, ndiyo au hapana, na kuanzia lini? Jibu hilo nitalitafsiri mwenyewe na kuwapa wenzangu.

Wako katika kusubiri jibu,

Abiria wa kila siku, kaskazini mwa Uingereza