Kuhusu rafu ya mvinyo unayotaka kununua

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako imenifika nikiwa mzima wa afya, na natumaini nawe hujambo. Umeniomba ushauri kuhusu rafu ya mvinyo itakayoenea katika nyumba yako ndogo, na umenieleza kwamba umekwisha kuipenda moja ya chupa 24, ambayo ungeiweka juu ya friji kwa kuwa hapo tu ndipo palipobaki wazi. Nakusihi usiinunue bado.

Juu ya friji ni miongoni mwa mahali pabaya kabisa pa kuwekea mvinyo. Friji hulitoa nje joto inaloliondoa ndani, joto hilo hupanda, na mota nayo huzitikisa chupa usiku na mchana. Mvinyo hupenda ubaridi wa kiasi, nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi hivi, na hata usipoupata ubaridi huo, heri joto lililotulia kuliko lile linalopanda na kushuka kila siku. Niliwahi kuacha chupa tatu hapo kwa miezi mingi. Ya kwanza niliyoifungua ilikuwa na ladha ya matunda yaliyochemshwa, na kizibo chake kilikuwa kimeanza kujisukuma nje. Kwa hiyo tafuta kwanza mahali, ndipo utafute rafu: sehemu ya chini ya kabati la nguo, uvungu wa ngazi, au kona isiyopigwa na jua, kwa maana mwanga wa jua nao huuharibu mvinyo, hasa ulio katika chupa isiyo na rangi.

Ukishapapata, chukua futikamba. Chupa ya kawaida ya mililita 750 ina urefu wa sentimita 30 hivi na kipenyo cha sentimita 7 na nusu, lakini zile za mtindo wa Burgundy, eneo la mvinyo huko Ufaransa, zimenenepa kidogo kuliko hivyo, na za Champagne, ule mvinyo wenye mapovu, hukaribia sentimita 9. Rafu yangu ya kwanza, ya chuma, ilikuwa na matundu yaliyobanana kama meno ya chanuo, nayo ilizikataa chupa zote za mvinyo wenye mapovu, zikabaki zimesimama sakafuni kama wageni waliokosa viti. Pima pia kina, kwa sababu rafu nyingi ni fupi kuliko chupa zenyewe, na katika njia nyembamba shingo zinazotokeza ndizo utakazozigonga kwa magoti.

Rafu za kupachika ukutani huokoa nafasi, ila uzito wake si wa kupuuza: chupa moja iliyojaa hukaribia kilo 1.3, kwa hiyo chupa 12 ni kilo 15 na zaidi, na ukuta wa jasi hautavumilia mzigo huo iwapo skrubu hazijashika nguzo zilizo nyuma yake. Zile zenye umbo la X humeza chupa nyingi, lakini unayoitaka huwa daima ndiyo iliyo chini kabisa. Mimi ningechukua zile za vipande vya chupa sita sita vinavyopandana, ukaanza na kimoja.

Nasema kimoja kwa sababu nimeisoma hesabu yako. Tunazilaza chupa ili mvinyo uguse kizibo, kisikauke na kupitisha hewa. Zenye kifuniko cha kuzungusha hazina haja hiyo, zinaweza kusimama popote penye giza na ubaridi. Umeniambia una chupa tisa, na nne kati yake ni za kifuniko cha kuzungusha. Zinazohitaji kulala ni tano tu, na nikujuavyo, hazitalala muda mrefu.

Nipimie upana wa ile kona iliyo nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, mlango ukiwa wazi kabisa, uniandikie kabla hujalipa chochote.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.