Kuku wa Krismasi tulimchinja wenyewe, tukamla wenyewe

Mhariri, salamu kutoka Ujiji. Kila Desemba magazeti yanajaa nauli kupanda na abiria kulala stendi, sawa, ni habari, lakini kuna sisi ambao hatukwenda popote na nahisi tuko wengi tu, sa na sisi tuandikwe kidogo.

Mimi na mume wangu ni Wakenya, kwetu Kakamega. Tulihamia Kigoma mwezi wa nne 2025 kwa sababu ya kazi yake, ni fundi wa kuchomelea, na Krismasi akapewa siku mbili tu, Alhamisi na Ijumaa. Sasa siku mbili utafanyia nini? Utoke stendi ya Masanga upite Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Geita, ndio siku hizi pale Busisi unapita juu ya daraja la kilomita 3 husubiri tena kivuko, lakini bado kuna Mwanza, kuna Sirari, kuna mpaka, ndo uanze kuitafuta Kakamega. Ukifika unakuta wanaosha sufuria. Tukasema tunabaki.

Tulijiandaa kuwa na huzuni, nisikufiche. Kwetu Krismasi ni kelele, watu wanatoka Nairobi na Mombasa wanarundikana kwa mzee, watoto wanalala chini kama magunia, na kuku hawahesabiki. Hapa tulikuwa wawili, kuku mmoja wa kienyeji, redio na soda kreti nzima (tulinunua nyingi sijui tulimtegemea nani). Mume wangu alimchinjia kuku nyuma ya nyumba asubuhi tuliporudi kanisani, mimi nikasonga ugali na nikakaanga chapati. Ilipofika kula yakatokea mambo ya firigisi. Kwetu firigisi ni ya mzee wa mji, haiguswi, na mume wangu tangu azaliwe ameipeleka kwa baba yake kwenye sahani, miaka thelathini na kitu. Nikamwekea yeye. Akaiangalia. Akasema hii ya nani? Nikamwambia mzee wa hapa ni nani kama si wewe. Akaikata katikati, nusu akanipa mimi, ambayo kwetu ni skendo kabisa, na tukaapishana isifike Kakamega. Sasa ndo hivo imefika gazetini.

Kwahiyo hapo tulikuwa vizuri, Mhariri. Shida ilianza saa tisa alipokuja bibi jirani yetu. Huyu bibi ndiye aliyetupokea Ujiji, alitufundisha kupika na mawese, alinionyesha duka la kuaminika, na Mwislamu kama karibu mtaa mzima. Akaja na khanga mpya na wajukuu wanne, Krismasi njema wanangu, akakaa. Nikafurahi nikakimbilia jikoni kupakua, kuku alikuwa amebaki zaidi ya nusu. Naweka sahani mezani, bibi akauliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi, "Kuku kachinja nani, mwanangu?"

Mume wangu, kifua mbele: "Mimi mwenyewe, bibi!"

Yaani ule ukimya. Bibi wala hakununa, alisema tu basi nipeni soda, wajukuu nao wakapewa soda na chapati, wakaangalia kuku vile paka anaangalia samaki dirishani. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Na usifikiri ni ushamba, Mumias si mbali na kwetu na Waislamu wako tele, najua kabisa mambo ya kuchinja. Lakini nilikuwa nimeshajiambia hii ni sikukuu yetu sisi wawili, hatuna mtu, kwahiyo hata sikuwaza kwamba kuna mtu atakuja. Wakati mtaa mzima, nimekuja kujua baadaye, ulikuwa unasubiri sahani zetu, manake huku ndo utaratibu, Idd zinatoka kwao zinakuja kwako na Krismasi zinatoka kwako. Watu wa pale nyumba ya kona walikuwa wamepika wali mtupu makusudi, wanasubiri mchuzi wa Wakenya!

Wakati anaondoka bibi akageuka mlangoni akasema, "Samaki hachinjwi."

Maneno mawili tu. Kesho yake alfajiri mume wangu alikuwa Kibirizi mitumbwi inaingia. Giza lilikuwa zuri wiki ile, usiku taa za wavuvi zilikuwa zimejaa ziwani ungesema kuna mji mwingine, kwahiyo migebuka ilipatikana. Akarudi na ndoo. Nikakaanga nusu na nusu nikaiunga na mawese kama nilivyofundishwa, na baada ya swala ya Ijumaa watu walikaa kwenye mikeka mpaka nikaenda kuazima sahani kwa hao hao wageni. Kreti ya soda nayo ikaisha. Saa moja jioni nikapiga simu nyumbani, mama anasema huku giza limeingia mnafanya nini, namwambia huku jua bado liko juu ya milima ya Kongo na watu hawajaondoka.

Ninachoomba, Mhariri, mkiandika kuhusu sikukuu muandike na hili, kwa ajili ya wageni. Tulipohamia tuliambiwa habari za vibali, kodi ya nyumba miezi sita, maji, malaria. Hakuna hata mmoja aliyetuambia ukitaka mtaa ule kwako, kuku mpeleke kwa jirani akuchinjie. Ni dakika tano! Unambeba kwapani unavuka njia.

Idd ikifika mwezi wa tatu bibi ameshasema pilau inakuja. Na sisi tumeshanunua jogoo wa Pasaka, tunamfuga kwa bibi ili mjukuu wake mkubwa amchinje siku ikifika. Tatizo anawika saa tisa usiku, na jana bibi ameniuliza kama hiyo Pasaka yenu haiwezi kuletwa mapema kidogo.

Msomaji wenu, Ujiji, Kigoma