Mwanangu, Jumapili lala hukohuko

Magomeni, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum. Huku sote wazima. Bibi yako goti linamsumbua, lakini hilo si geni na halikunishikisha kalamu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tano. Kila nikitaka kukujibu kwa sauti najikuta naipandisha, nafuta, naanza upya. Mama yako ndiye aliyesema andika, ukiandika hutafoka. Mdogo wako kanifundisha kuipiga picha karatasi, nitaipiga mwenyewe na kukutumia. Yeye asiisome.

Jambo langu ni moja. Mkimaliza hizo mbio zenu za Disney, msirudi Jumapili.

Nimeuchukua ule mpango wenu nikaukalia na daftari kama nilivyokuwa nikikalia safari zangu. Alhamisi unatoka kazini, wewe na mwenzako wa Tanga mnaingia barabarani jioni, Atlanta hadi Orlando kilomita kama 700, mnafika usiku mkubwa. Ijumaa mnakwenda kuchukua namba za kukimbilia, kila mtu yake kwa kitambulisho chake, na ninavyokujua ukishafika pale utataka kuzunguka mpaka miguu iume. Jumamosi kuamka saa nane usiku, basi la kuwapeleka saa tisa, saa kumi na moja alfajiri mnaachiwa, kilomita 21. Jumapili tena saa nane usiku, tena saa kumi na moja, kilomita 42. Jumla 63 kwa siku mbili. Halafu hapohapo, chumvi ya jasho haijakauka usoni, saa nane mchana mnashika usukani, ili Jumatatu saa moja asubuhi uwe kwenye zamu.

Mwanangu, kilomita 700 ni Mtwara hadi Dar, halafu unaongeza mpaka Chalinze na ushei. Mkifika saa nne usiku utakuwa na saa ishirini hujafumba jicho, na katikati ya saa hizo umekimbia marathoni. Mimi nimeendesha malori miaka ishirini na mbili na sijawahi kupangiwa safari ya namna hiyo na tajiri yeyote, hata yule mbaya kuliko wote.

Umenitajia habari za John Stephen Akhwari. Najua. Mexico, mwaka 1968, alimaliza wa mwisho goti limefungwa bendeji, na sisi wa umri wangu tumekua na habari hiyo. Lakini Akhwari alipovuka mstari watu walimpokea. Hakuna aliyempa funguo za gari.

Usidhani nakukataza kukimbia. Mdogo wako kanisomea habari za mbio zenyewe mpaka nimezielewa. Kumbe marathoni ya Jumapili ilianza 1994, mwaka ambao mimi nilikuwa bado utingo, nalala Ndundu siku tatu kungoja pantoni ya Rufiji. Kumbe njia yake inapita ndani ya viwanja vyote vinne vya burudani vya Disney, na mnapita kwenye ile ngome ya Cinderella, na mkimaliza mbio zote mbili mnavishwa medali tatu, ya Donald kwa Jumamosi, ya Mickey kwa Jumapili, na ya yule Goofy kwa kuziunganisha. Mdogo wako anaitaka picha ya Goofy, sio ya wengine. Nilipoambiwa kwamba watu wanasimama foleni katikati ya mbio kupiga picha na hao wanasesere nilikasirika kidogo, maana kwangu mbio ni mbio. Ada nayo nilimuuliza, akanitajia, nikanyamaza siku nzima. Jioni mama yako akaniambia, mtoto huyu ana miaka miwili anageuza wazee kitandani usiku, mchana anasoma, ulitaka afurahi lini? Sikuwa na jibu. Kwa hiyo simameni mpige picha.

Kuna sharti moja la mbio hizo nimelipenda sana. Wale kina mama wanaotembea nyuma kabisa na maputo. Mwendo wao ni dakika kumi hivi kwa kilomita, na anayeachwa nyuma yao anaweza kupandishwa basi. Yaani amewekwa mtu pale, kazi yake ni kukuonyesha kwamba mwili wako leo umefika mwisho. Barabara ya kurudi Atlanta haina mtu wa namna hiyo. Ni wewe na mwenzako, na nyote wawili mtakuwa mnaambiana bado kidogo.

Unasema mtapokezana. Nimelifikiria hilo zaidi kuliko lingine lolote. Mkipokezana, anayempokea mwenziwe awe amepumzika. Mwenzako atakuwa ameamka saa nane ileile, amekimbia kilomita zilezile, miguu yake imevimba kama yako. Huyo binti wa Tanga nampenda, amekusaidia ulipofika huko ukiwa hujui hata kununua tiketi ya basi, na mama yake ameongea na mama yako kwenye simu kama ndugu. Sina neno naye. Lakini gari ni lake, na mwenye gari huona haya kusema nimechoka. Sema wewe.

Najua pia utakunywa kahawa. Mimi nilikunywa ya kila aina. Nilifungua vioo vyote nikapigwa na upepo wa Kilwa usiku. Nilitafuna ndimu na maganda yake. Nilijimwagia maji, nilifungulia redio mpaka spika zikapasuka, niliimba kaswida peke yangu. Vitu hivyo vinakuondolea usingizi kwa dakika kumi, na ndani ya dakika kumi hizo unajidanganya umepona. Dalili yenyewe sio kupiga miayo. Dalili ni pale unapojikuta uko Mchinga na hukumbuki ulivyouvuka mto Mbwemkuru. Ukishafika hapo umeshalala, macho tu ndiyo yalikuwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, sekunde nne za namna hiyo ni zaidi ya mita 120. Ni uwanja wa Nangwanda kutoka goli hadi goli na kuzidi. Na huko kwenu magari yanapita kulia, na mtu akishtuka usingizini mkono wake unakwenda upande uliouzoea tangu utotoni.

Ile ajali yangu unaijua, siirudii. Ila tairi halikupasuka.

Lilipasuka baadaye, tulipokwisha gonga jiwe. Watu waliofika kwanza waliliona, wakasema tairi, nami nikalikuta neno hilo midomoni mwao nikaliacha. Nililala, mwanangu. Usiku wa nyuma yake sikulala, tulikuwa tunapakua Dar. Tajiri akataka gari ligeuze siku ileile na mzigo wa saruji. Ningeweza kukataa, wenzangu wawili walikataa na hawakufukuzwa. Mimi nilitaka niamkie nyumbani siku ya Idi. Ulikuwa na gauni jipya, mama yako aliniambia kwenye simu. Usijibebeshe hilo, nakueleza tu jinsi mtu anavyojipa sababu nzuri. Utingo wangu alikuwa anapiga stori ili nisisinzie, kijana mzuri, mcheshi. Nikamwambia lala, mimi nipo macho.

Mguu wake unaujua, umemwona akija hapa. Ile hela ninayopeleka Mchinga kila msimu, ambayo mama yako anadhani ni deni la salfa ya mikorosho, si deni la salfa. Nitamwambia mwenyewe. Wewe usimwambie.

Basi ndiyo maana nasema msirudi Jumapili.

Mdogo wako kanionyesha kitu kingine. Mwaka 2017 wenye mbio waliifuta nusu marathoni ya Jumamosi kwa sababu ya radi. Watu wametoka mbali, wamelipa, wamefanya mazoezi miezi na miezi, wakaambiwa leo hamkimbii. Kama wao waliweza kuwaambia hivyo maelfu ya watu, wewe unashindwa kumwambia msimamizi wako akubadilishie zamu moja? Umewashikia wenzako zamu ngapi? Sikukuu yao ya Krismasi umeishika miaka yote miwili kwa kuwa wewe huisherehekei. Wakumbushe. Kuomba si aibu. Hii tabia ya kutoomba kitu umeirithi kwangu na sikuwa nimekusudia kukuachia hiyo.

Hela ya chumba kwa usiku wa Jumapili nitatuma mimi. Usibishe. Korosho zetu zimeingia mnada wa tatu, bei haikuwa mbaya, na chama cha ushirika kimeshalipa sehemu. Nitatuma laki tatu. Pale karibu na viwanja najua ni ghali, sogeeni nje ya mji kidogo, chumba chenye mlango unaofungika na kitanda kinatosha. Bati za jikoni zitasubiri. Mama yako amenuna kidogo juu ya bati, maana mvua zimeanza na anapikia upande mmoja, lakini nilipomwambia ni kwa ajili yako alisema nitume laki nne. Nimebaki kwenye tatu kwa sababu ada ya mdogo wako Januari ileile, na fundi wa kisima hajamaliziwa. Kile kisima, kwa taarifa yako, maji yametoka lakini yana chumvi. Fundi anasema yatatulia. Mimi sijui.

Mwembe wa nyuma umeanguka, haukumdhuru mtu.

Kuhusu mbio zenyewe sina ujuzi, nakwambia kidogo tu. Hiyo Florida watu wanaisifia joto, lakini alfajiri ya Januari inaweza kuwa na baridi kali, na mtasimama nje muda mrefu kabla ya kuachiwa. Vaa sweta kuukuu juu, ukipata joto ulitupe, nimeambiwa wanayaokota wakawape wahitaji. Usinywe maji kwa kujilazimisha eti umesikia maji ni mazuri, kunywa ukiwa na kiu. Viatu vipya usivae siku hiyo, ingawa hilo nadhani unalijua kuliko mimi. Nguo ya kuchezea, hayo masikio ya Mickey na sketi, mama yako amesema ruksa mradi magoti yafunikwe. Mimi sisemi kitu.

Ile habari ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tuiache. Mwalimu wako wa michezo nilikutana naye sokoni Chikongola mwezi uliopita, akaniuliza yule binti bado anakimbia? Nikamwambia anakwenda kukimbia Marekani siku mbili mfululizo. Akanitazama. Nikamwambia mwalimu, ulikuwa umeona. Tukaachana hapo. Mama yako siku zile alisema nikuache uende kambini, na alikuwa na haki.

Kila mtu hapa mtaani anajua. Nimemwambia muuza kahawa, nimemwambia imamu, nimewaambia na vijana wa bodaboda pale kona. Bibi yako anaamini unalipwa kwa kukimbia na sijamsahihisha. Siku hiyo ya Jumapili, mkiachiwa saa kumi na moja alfajiri, kwetu itakuwa saa saba mchana. Nitakuwa nimetoka kuswali adhuhuri. Mdogo wako anasema inawezekana kufuatilia namba yako kwenye simu unapopita kila kituo, kwa hiyo tutakaa barazani na simu imechomekwa chaji. Usipige ukimaliza kama umechoka. Andika neno moja tu.

Neno ninalolingoja ni la baadaye. Saa tatu yenu ya usiku kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, nitakuwa nimeamka. Nataka wakati huo uniandikie kwamba mko chumbani. Sio njiani, sio mmesimama kituo cha mafuta, sio bado kidogo tunafika. Chumbani. Kama zamu haikubadilishwa na umeamua kurudi hivyohivyo, basi niambie kabla hujaondoka, usinifiche kwa kuogopa nitafoka. Nikijua uko barabarani nitakupigia kila nusu saa na mwenzako atachoka na sauti yangu, lakini nitapiga.

Jumatatu laleni asubuhi, kuleni vizuri, mwondoke jua likiwa juu. Mtafika jioni.

Mama yako anauliza kama ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchemsha, inaruhusiwa kupita uwanja wa ndege. Nimemwambia sidhani, hasikii. Kuna mtu wa Mikindani anakuja huko mwezi wa pili, korosho zimeshafungwa, kilo mbili za kukaanga na moja mbichi ya huyo mwenzako wa Tanga. Ming'oko ameipika jana akaianika juani, anadhani ikikauka hawataitambua. Mwambie wewe, kwako atasikia.

Baba yako