Bundi hafai kufugwa, na habari yenu imepotosha watu

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya kijana wa hapa Mtwara anayefuga bundi, mliyoipa nusu ukurasa pamoja na picha ya ndege akiwa begani kwake, nimeisoma nikaiweka chini, nikaichukua nikaisoma tena. Gazeti lenu nalinunua tangu nikiwa bwana shamba kule Tandahimba na sijawahi kuwaandikia. Yapo mliyoandika yakaniudhi, nikanyamaza. Hili limenishinda, kwa sababu mwandishi wenu amemalizia kwa kuwaambia wasomaji kwamba bundi ni ndege mpole, hana gharama, na familia yoyote inaweza kumfuga.

Huo mnaouita upole ni woga. Bundi akiogopa hatimui mbio kama kuku. Anajibana, anasimama wima, anafumba macho mpaka yanabaki mstari, anasubiri hatari ipite. Mchana ndiyo zaidi, maana huo ni wakati wake wa kulala. Mtu anamkuna kichwani, ndege kafumba macho, watu wanasema anasikia raha! Japani kuna migahawa ambako mteja anakunywa kinywaji chake huku akipapasa bundi waliofungwa kamba miguuni, na video za namna hiyo ndizo vijana wetu wanazitazama kwenye simu na kuziiga. Hata shingo mliyoishangilia, kwamba anaizungusha mpaka kuangalia mgongoni, haizungushi kwa mchezo. Macho ya bundi hayachezi ndani ya kichwa kama yetu, kwa hiyo akitaka kuona pembeni lazima ageuze kichwa kizima, na ndiyo maana ana pingili 14 za shingo wakati sisi tunazo 7. Ukimwona anageuza kichwa huku na huku katikati ya watoto wanaopiga kelele, jua anatafuta pa kutokea.

Na hilo la kutokuwa na gharama, naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu hapa Mikindani, mtaani kwangu. Kijana wa nyumba ya jirani alitoa kinda la bundi kwenye gofu la nyumba ya mawe, wale weupe wenye uso wa umbo la moyo, akamweka kwenye tenga la kuku chini ya mwembe. Alimlisha minofu ya ng'ombe, siku nyingine dagaa, siku nyingine ugali. Nilipokwenda kumtazama alikuwa amelalia kifua kama kuku anayeatamia. Nikamwinua. Miguu ilikuwa imepinda matege, vidole havishiki, ncha za mkia zimekatika kwa kusuguana na fito za tenga, na alikuwa anagonga mdomo, ta, ta, ta, bila kukoma. Nikamwambia yule kijana kwamba bundi hali mnofu mtupu. Anameza panya mzima na mifupa yake na manyoya yake, mifupa ndiyo inayomjengea mifupa, kisha manyoya na mabaki yasiyosagika anayatapika yakiwa donge. Kinda akikosa mifupa mwili wake unalegea kama wa mtoto aliyekosa chokaa. Akanijibu, "Babu, panya mimi namwonea kinyaa." Sasa unamfugia nini ndege ambaye chakula chake ni panya? Nikaenda kwenye ofisi moja ya umma kuomba msaada wa mtaalamu. Mtumishi niliyemkuta hakuinua macho kwenye simu yake mpaka nilipotaja bundi, ndipo akaniangalia na kuniuliza, "Mzee, wewe na bundi mna nini?" Wenzake wakacheka. Nikaambiwa nirudi na barua ya mtendaji wa mtaa. Barua niliipata. Kinda hakuisubiri, alikufa na mguu mmoja umevunjika, uliovunjika kwa kushikwa tu. Na yule kijana alikuwa amekwishamrusha TikTok akiwa hai, watu wanapenda, wanauliza bei, wanauliza na wao watampata wapi. Kisha linakuja gazeti zima linawajibu kwamba ni ndege wa kufaa familia yoyote!

Tuseme basi amekua. Bundi aliyelelewa mkononi tangu kinda hajui kwamba yeye ni bundi. Akipevuka anamwona aliyemlea kuwa ndiye mwenzi wake, na wengine wote waliomo nyumbani ni wa kufukuzwa, kwa kucha zilizoumbwa kuua. Huwezi kumrudisha porini kwa sababu hakufundishwa kuwinda. Na hao wakubwa wenye manyoya yaliyosimama kama pembe wanaweza kuishi miaka 20 na zaidi wakiwa kifungoni. Nani katika hao wanaouliza bei amejiandaa kutafuta panya kila siku kwa miaka 20?

Najua wapo watakaosema afadhali afugwe kuliko kuuawa. Ni kweli huku kwetu bundi akilia juu ya bati usiku, asubuhi watu wanashika mawe, wanasema ni uchuro, kuna mtu ametumwa. Nimewaona bundi wakichomwa moto hadharani na wazee wenye heshima zao wamesimama pembeni. Lakini anayemuua na anayemfungia kwenye tenga wote wawili wanamwondoa mahali anapofanya kazi. Bundi mmoja hula panya watatu au wanne kwa usiku. Pigeni hesabu ya mwaka, ni zaidi ya panya elfu moja, na hapo hajalisha watoto. Mkulima aliyepanda mahindi jioni akakuta asubuhi panya wamefukua mbegu shimo kwa shimo, wakifuata mstari kama waliopanda wao, ataelewa ninachosema. Mama aliyeanika makopa yake akayaweka darini akakuta yamegeuka unga na mavi ya panya, ataelewa. Nilipokuwa kazini nilikuwa naokota yale madonge chini ya kenchi za ghala, nalivunja moja kwa kijiti mbele ya wakulima, nawatolea mafuvu ya panya na meno yao ya njano. Hapo maneno ya uchuro yalikuwa yanapungua.

Na nikiwa hapo hapo, hawa wanaopita na vipaza sauti, dawa ya panya, mende, kunguni, wanaanza alfajiri hata mgonjwa hapumziki, nani anawakagua? Wanauza vipakiti visivyo na jina la sumu wala maelekezo ya matumizi. Watu wanachanganya na dagaa wanatupia uani, kuku wanadonoa, paka wanakufa, watoto wanacheza hapo hapo. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anatoka anayumbayumba nje, bundi anamdaka, naye anakwisha. Kwa hiyo tunanunua sumu kuua panya, sumu inamuua anayekula panya, kisha tunanunua sumu nyingine. Halmashauri inamtoza mama wa vitumbua ushuru kila siku, muuza sumu anapita akipiga kelele.

Mwandishi wenu hakugusa kabisa upande wa sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukamata mnyamapori bila kibali, na ndege wa porini yumo humo. Bundi wa aina zote wamo pia katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Tanzania ni mwanachama. Kijana mliyempamba ukurasani mmemweka hatarini yeye mwenyewe, na kila atakayemfuata.

Ninachotaka ni hiki. Chapisheni masahihisho ukurasa ule ule, ukubwa ule ule, na mahali pa ile picha ya begani wekeni picha ya donge la bundi lililovunjwa na mafuvu yake yakionekana. Halafu chama cha msingi chochote cha korosho au ufuta chenye ghala linalosumbuliwa na panya kitengeneze sanduku la mbao, urefu sentimita 60, upana 40, kimo 40, lenye tundu moja la mraba la sentimita 15, kilifunge kwenye kenchi mita nne kutoka chini, tundu lisielekee kwenye taa, na sumu isitumike tena ndani ya ghala hilo wala pembeni yake. Kusiwe na kamba wala tenga wala mtu wa kumpiga picha. Bundi atakuja mwenyewe. Mbao za sanduku la kwanza nitatoa mimi, na kulifunga nitakwenda kulifunga mwenyewe, iwe Newala, Masasi au Nachingwea.

Bwana shamba mstaafu,
Mikindani, Mtwara