Mtoto asigeuzwe mkalimani wa mama yake

Mhariri, naomba nafasi maana hili jambo limenikaa rohoni toka wiki jana.

Mimi mama wa Kasulu, niko huku Lexington, Kentucky, mwaka wa sita sasa na hela ya pembeni napata kwa kutafsiri kwenye simu. Huu mji una Wakongo wengi waliotokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale kwetu Kasulu, Tanzania, wazazi walivuka Ziwa Tanganyika toka Fizi na Uvira kwenye vita ya 1996, watoto wamezaliwa humo humo kambini, Kongo hawaijui na Tanzania yenyewe hawaijui maana kutoka kambini mpaka kibali. Tarehe za kuzaliwa ndo usiulize, unakuta nyumba nzima wameandikwa 1 Januari.

Sasa mtoto kasoma kambini programu ya Kongo, kwa Kifaransa, huku anafika na miaka 15 anaingizwa haiskuli kwa kufuata umri, Kiingereza anaanza moja. Ila vijana wanashika haraka, mwaka hauishi kashawapita baba na mama na hapo ndo balaa linaanza, barua ya umeme asome yeye, benki aende yeye, shule ikiita mzazi kwa utoro wake anayetafsiri ni yeye huyo huyo, unadhani atasema nini?

Wiki jana nimempa lifti jirani yangu kwenda hospitali, kijana wake wa miaka 14 kaacha shule amsindikize. Nikachelewa kupaki, naingia nakuta daktari anauliza mambo ya hedhi na dogo anaangalia viatu vyake, anazungusha kamba ya jaketi, mwisho akamwambia mama eti tumbo linauma? Mama naye kwa aibu akajibu ndiyo, tumbo. Dawa ya tumbo ilikuwa inaandikwa nilipoingilia.

Sheria ya Marekani inasema hospitali inayopokea hela ya serikali kuu itoe mkalimani bure, na mtoto asitumike labda iwe dharura. Nikamuuliza mama kwa nini hukuomba? "Niliomba, balinipa mutu wa Kiswahili ya kwenu, nikiongea anacheka."

Nilinyamaza, maana nilishajiandaa kuilaumu hospitali peke yake. Ila ni kweli jamani, sisi Watanzania na Wakenya kwenye hii kazi tukisikia Kiswahili cha Kongo, "banasema" (wanasema) au "lopitali" (hospitali), tunaona kichekesho, na wapo wanaomsahihisha kwanza mgonjwa ndo watafsiri, kama vile kaja kufanya mtihani wa Kiswahili sanifu!

Wanaoajiri wakalimani wawachukue basi vijana wa Nyarugusu wenyewe waliotimiza miaka 18, wawafundishe, wawalipe, Kiswahili cha mama zao wanakijua kuliko mimi. Na wenzangu tupunguze kucheka.

Jirani anarudi hospitali Alhamisi, dogo nimemwambia aende shule, nitakaa mimi na mama yake.

Mama wa Kiha, Lexington, Kentucky