Boriti haivunjikii katikati tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo nililolikuta kwenye nyumba moja inayojengwa huku Tabata. Fundi bomba alikuwa amechonga boriti ya mbao inayobeba sakafu ya juu, upande wa chini, hadi nusu ya kimo chake, palepale inapokalia ukuta, na alipoulizwa alijibu kwamba boriti huvunjikia katikati, kwa hiyo mwishoni haina kazi. Jibu hilo nimelisikia kwa mafundi wengi, na linaaminika kwa sababu nusu yake ni kweli.

Boriti ile ina upana wa milimita 75 na kimo cha milimita 200, imekalia kuta mbili zilizoachana mita 4, na tuseme kila mita inabeba kilonyutoni 3, yaani takribani kilo 300. Momenti ya kupinda, yaani nguvu ya mzigo ya kuikunja boriti, huwa kubwa kabisa katikati, nayo ni 3 × 4 × 4 ÷ 8, sawa na kilonyutoni-mita 6. Ukiigawa kwa 75 × 200 × 200 ÷ 6, baada ya kuigeuza kuwa nyutoni na milimita, unapata mkazo wa kupinda wa nyutoni 12 kwa kila milimita ya mraba. Ukutani momenti hiyo ni sifuri, na hapo fundi yuko sahihi.

Asichokihesabu ni nguvu ya kukata, yaani ile inayotaka sehemu moja ya boriti iteleze kando ya nyingine, ambayo katikati ni sifuri na ukutani hufikia nusu ya mzigo wote, kilonyutoni 6. Mkazo wake hausambai sawasawa: katikati ya kimo cha mbao hufika mara moja na nusu ya wastani, yaani 1.5 × 6,000 ÷ (75 × 200), sawa na 0.6. Kimo kikibaki milimita 100, unakuwa 1.2, na bado hatujahesabu kona ya mkato, ambako ufa huanzia. Namba hizo zinaonekana ndogo mbele ya 12, lakini mkazo huu hutaka nyuzi za mbao ziteleze, na mbao hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzi zake. Mhandisi Mrusi D. I. Zhuravsky aliushughulikia mkazo huu katika karne ya 19, alipokuwa akisanifu madaraja ya mbao ya reli ya kati ya Moscow na Saint Petersburg.

Kwenye bimu za zege ni hivyo hivyo, ndiyo maana michoro huonyesha ringi, yaani vyuma vinavyozungushiwa nondo, zikisogezwa karibu karibu kuelekea nguzo, na inasikitisha kuona zikiachanishwa hapo ili kuokoa nondo chache.

Mwenye nyumba amekubali boriti ibadilishwe na bomba lipite chini yake. Nawaomba wengine wanaojenga wakague ncha za boriti zao kabla dari halijazifunika.

Fundi sanifu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam